Maana za Neno "Guide"

(Maneno ya mfasiri wa Serikali kwa wakulima wa Kapsoit, Kericho)



Napenda leo tulitazame neno moja la Kiingereza ambalo hutufikia mara kwa mara katika vitabu vya shule na makaratasi ya kilimo. Neno hilo ni "guide". Ni fupi, lakini lina maana kadha wa kadha, na asiyezipambanua huweza kupata hasara shambani.

Maana ya kwanza ni mtu aijuaye njia, ambaye humtangulia asiyeijua. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, mtu huyo aliitwa kirangozi. Alitembea mbele akishika bendera, na wapagazi wakamfuata. Chama cha wasichana cha Girl Guides, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1910 na kufika Kenya mwaka 1920, kilichukua jina lake katika maana hiyo.

Maana ya pili ni maandishi yaonyeshayo njia, nayo kwa Kiswahili huitwa mwongozo. Mwaka 1971 chama cha TANU cha Tanzania kilitoa waraka wenye jina hilo hilo. Waraka huo uliwaonya viongozi wasiwadharau watu wala kuwaonea. Hivyo hata aongozaye naye huongozwa.

Maana ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa nchi ya chai: hesabu ya kukadiria tu. Karatasi ikisema kwamba chai ichumwe kila baada ya siku 7 hadi 14, "as a guide", hiyo si amri. Mvua ikinyesha vizuri, machipukizi hukua upesi; wakati wa ukavu au baridi hukawia. Basi mchumaji na autazame mchai wenyewe, atafute majani mawili na chipukizi. Mfasiri akikosea akaandika "sharti", mkulima atahesabu siku asitazame majani, na majani yaliyokomaa huweza kukataliwa kituoni.

Lakini yako maneno mengine yasiyo ya kukadiria. Chupa ya dawa ya kunyunyizia mboga ikitaja siku za kungoja kabla ya kuvuna, hilo ni sharti. Azipunguzaye siku hizo huhatarisha afya ya walaji, na huenda watoto wake mwenyewe wakawa miongoni mwao.

Kwa hiyo, mtoto wa shule akikusomea karatasi ya Kiingereza, usiridhike na kusikia hesabu peke yake. Mwulize: "Je, mwanangu, hapa tunaelekezwa au tunaamriwa?" Tukielekezwa, tutumie pia macho yetu na ujuzi wetu wa shamba. Tukiamriwa kwa ajili ya usalama, tutii kama ilivyoandikwa.