Kutoka Ufipa Kwenda Kuhiji Bagamoyo

Ndugu wasikilizaji wa Sumbawanga, Laela na Namanyere, kama jumuiya yenu inapanga kuhiji Bagamoyo, sikilizeni. Basi hupitia Tunduma, Mbeya na Morogoro, zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo msibane ratiba.

Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, wakajenga na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Hapo ndipo mwili wa mmisionari Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Waliombeba, akina Chuma na Susi, walikatiza Ufipa hii hii kwa miguu. Wageni husimuliwa zaidi habari za mzungu. Nyinyi ulizeni za wabebaji.

Sasa afya, maana hiyo ndiyo iliyonileta studio. Huku kwetu juu, karibu mita 1,800, malaria si nyingi kama pwani, na miili yetu haina kinga ya kutosha. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, hata joto likikukera. Ukirudi ukapata homa, hata baada ya wiki kadhaa, usisingizie uchovu wa safari: nenda kituo cha afya ukapime, umweleze mhudumu kwamba ulikuwa pwani. Mama mjamzito apite kliniki kabla ya kukata tiketi.