Uhuru wa Nani? Fundisho Kutoka Texas



Tarehe 2 Machi 1836, walowezi wa Texas, eneo la mpakani kaskazini mwa Meksiko, walijitangazia uhuru. Walilalamika kwamba serikali ya Santa Anna ilikuwa imeifuta katiba ya mwaka 1824 na kujilimbikizia madaraka. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Siku nne baadaye watetezi wa ngome ya Alamo waliuawa. Tarehe 21 Aprili, huko San Jacinto, jeshi la Sam Houston lilishinda.

Lakini tuitazame katiba waliyojiandikia mwaka huohuo. Iliwakataza wabunge kuwaweka huru watumwa, na Mwafrika aliye huru hakuruhusiwa kukaa nchini bila idhini ya Bunge. Meksiko, waliyoiita dhalimu, ilikuwa imetangaza kukomesha utumwa mwaka 1829. Watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru tarehe 19 Juni 1865, miaka 29 baada ya ushindi wa mabwana zao.

Wapendwa, haki inayodaiwa na wachache kwa ajili yao wenyewe huwa mzigo mgongoni mwa wengine. Basi, kila tunapodai haki, katika jumuiya zetu ndogondogo na vijijini mwetu, tujiulize kwanza: ni nani tuliyemwacha nje?