Mtoto amepata 52: aende wapi?



Tangu matokeo ya Examen d'Etat yatoke, swali ninaloulizwa ni moja: mtoto amepata 52, sasa? Tusikilizane. Kwa Kongo, asilimia 50 inatosha kupata diploma ya Leta. Mwenye 52 ana diploma sawa na mwenye 75. Tofauti inaonekana akipeleka dosye yake chuoni. Udaktari unataka pursantaje ya juu, na vyuo vingi vinampa mwenye alama ndogo konkuru ya kuingia ama mwaka wa matayarisho. Masharti hayo wizara inayaandika kila mwaka katika Instruction académique. Kwa hiyo usimfuate jirani aliyeandikisha wake zamani. Nenda kwenye aparitora ya chuo chenyewe, uliza ya mwaka huu.

Na hizi 52 tuzisome vizuri. Watoto wetu wengi walianzia masomo Nyarugusu, kule Kigoma. Programu ilikuwa ya Kongo, ndiyo, lakini Kifaransa kilibaki darasani. Nje ni Kiswahili na Kibembe. Mtihani unakuja kwa Kifaransa. Mtoto hesabu anaijua, swali ndilo halimwambii kitu. Mimi huyo simwiti mjinga.

Anayependa kufundisha aende ISP. Shule zetu za Fizi zinahitaji walimu, nani hajui? Kuna ISDR kwa maendeleo ya vijijini, na ISTM kwa uuguzi. Kwa mfumo mpya wa LMD, lisansi ni miaka 3, kredi 180. Zamani ilikuwa graduat miaka 3, halafu lisansi 2. Lakini miaka 3 ya minervali, chumba na chakula kule mjini si mchezo. Mtoto dhaifu kwa hesabu ukimsukuma kwenye ekonomia kwa sababu ya jina, akirudia promosheni ya kwanza, anakula pesa ya wadogo wake.

Halafu kuna INPP, iko tangu 1964: umeme, mekanika, kusudia vyuma, ushoni. Mafunzo mengi ni ya miezi, na pursantaje si kitu wanachoangalia kwanza. Mama mmoja aliniambia, "Nimekimbia, nimerudi, mtoto wangu awe sudere?" Nilimuuliza milango ya vyuma ya nyumba mpya za Baraka inatengenezwa na nani. Alicheka, lakini hakukubali.

Aliyekosa 50 anaweza kurudi darasa la mwisho, ama kujiandikisha kama otodidakti. Atakayekuja kuwauzia pursantaje, mfukuzeni. Diploma ya uongo inakamatwa, na pesa hairudi.

Sasa ombi langu kwa mkutano mkuu. Mfuko wetu unasaidia wenye 60 kwenda juu tu. Kanuni hiyo inawaacha nje watoto walewale tuliounda mutuelle kwa ajili yao. Napendekeza tuangalie pia chuo anachokwenda, na tulipe mafunzo ya ufundi kama tunavyolipa minervali. Kwa wafadhili: mnatuulizaga alama za juu kwenye raporti. Tuulizeni pia nani alimaliza, na leo anafanya kazi gani.

Mafinalisti wenye chini ya 60, leteni buletini zenu ofisini kabla ya mkutano, tuzisome pamoja moja moja.