Mali Bila Daftari: Usimamizi wa TEHAMA Vyuoni na Mafunzo Kutoka Milima ya Usambara

1.0 Utangulizi



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kuzungumza nanyi hapa Lushoto. Nimealikwa nikiwa mwalimu wa Kiswahili, nami nimechagua mada ambayo kwa kawaida huachiwa mafundi: usimamizi wa teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, katika vyuo na vyuo vikuu vyetu. Bila shaka wapo wanaojiuliza mtu wa lugha ana lipi la kusema juu ya kompyuta. Naomba nianze kwa kisa kilichonifikisha kwenye mada hii.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtahini wa nje katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, na ambacho hakiko katika milima hii. Nilipoomba alama za mwaka uliotangulia, niliambiwa kwamba zimo katika seva, lakini kijana aliyeitengeneza amekwisha kupata kazi kwingine, na nywila ameondoka nayo kichwani. Seva yenyewe ilikuwa nzima, taa zake zikimetameta. Hapakuwa na mwizi, wala kirusi, wala moto. Tulikaa siku tatu tukikusanya alama upya kutoka katika madaftari ya walimu. Za mwalimu mmoja aliyekuwa amefariki dunia hazikupatikana. Wanafunzi kumi na mmoja walilazimika kurudia mtihani ambao walikwisha kuufaulu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hoja yangu leo imo katika methali hiyo. Nitajaribu kuonyesha kwamba changamoto kubwa ya TEHAMA vyuoni mwetu si uhaba wa mashine tena, bali ni ukosefu wa daftari: maarifa ya kuitunza mashine hayaandikwi, na yakiandikwa huandikwa kwa lugha ambayo wengi wa wanaohusika hawaitumii wanapofanya kazi.

2.0 Kutoka Uhaba wa Mashine Hadi Uhaba wa Usimamizi

Historia ya kompyuta katika nchi yetu ina funzo ambalo aghalabu husahauliwa. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuweka hesabu za serikali katika kompyuta kuleta matatizo na hasara, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini. Katazo hilo lililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Tumezoea kulisimulia kama kichekesho cha watu walioogopa mambo mapya. Mimi naliona kwa jicho jingine. Mashine ilinunuliwa kabla ya kuandaliwa watu wa kutosha wa kuisimamia. Iliposhindwa, ikahukumiwa mashine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 2003 Tanzania ilipata Sera yake ya kwanza ya Taifa ya TEHAMA. Kwa miaka mingi vyuo vilitegemea satelaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba chuo kizima kiligawana mkondo mwembamba wa mawasiliano. Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya Bahari ya Hindi ulifika Dar es Salaam, na mkongo wa taifa ukaanza kusambazwa kuelekea mikoani. Hivi leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huja chuoni akiwa na intaneti mfukoni mwake.

Hata hivyo, vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na kukaa vimefungwa hadi tarehe 1 Juni, ilidhihirika kwamba kuwa na mtandao na kuweza kufundisha kwa mtandao ni mambo mawili. Kuhamisha darasa kunahitaji masomo yaliyokwisha kuandaliwa, walimu waliozoezwa, na mtu wa kujibu simu ya mwanafunzi aliyekwama. Hayo hayaletwi na mkongo.

3.0 Chuo Kilicho Mlimani

Nimefurahi kuyasema haya Lushoto kwa sababu mlima haufichi udhaifu. Hapa kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Kule Magamba kilianzishwa mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikajulikana hasa kwa masomo ya elimu maalumu. Sizungumzii hapa mwenendo wa ndani wa chuo chochote kati ya hivyo. Nazungumzia mazingira ambayo chuo chochote cha milimani hukutana nayo.

Ninyi mnayajua kuliko mimi. Radi ikipiga, umeme hukatika, na unaporudi huweza kurudi kwa nguvu ya kuunguza kifaa ambacho hakikuwekewa kinga. Masika yakizidi, barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni huweza kuporomokewa na udongo, na kipuri kilichoagizwa Dar es Salaam kikakaa bondeni. Fundi mwenye ujuzi naye huitwa na mshahara wa mjini. Chuo cha Dar es Salaam kinaweza kuziba pengo kwa kumwita fundi wa mtaa wa pili. Chuo cha mlimani hakina mtaa wa pili. Kwa hiyo kisipokuwa na maandishi ya namna mfumo wake ulivyojengwa, siku fundi akiondoka kinabaki kama msafiri asiyejua njia aliyoijia.

Elimu maalumu inatuongezea jambo jingine. Mwanafunzi asiyeona huitegemea programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Programu hiyo ikisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, humtolea kelele mahali pa somo. Kwake yeye, swali la lugha ya mashine si swali la fahari ya taifa hata kidogo. Ni swali la kusoma au kutosoma.

4.0 Matuta ya Mlalo

Milima hii ilipata kuletewa teknolojia kwa amri, na kisa hicho kinatuhusu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi, ambao baadaye ulipanuliwa kwingineko Usambara. Wakulima waliamriwa kupiga matuta katika miteremko, na aliyekaidi aliadhibiwa. Kusudi lilikuwa kuzuia mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini kazi ya jembe ilikuwa nzito, na sehemu kubwa ilibebwa na wanawake. Aidha watu walihofu kwamba ardhi iliyopigwa matuta ingehesabiwa si yao tena. Upinzani ulikua, ukaungana na siasa za kudai uhuru, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ulikuwa umeachwa.

Mwanahistoria Steven Feierman, ambaye aliishi miongoni mwa Washambaa na kuandika historia yao, ameeleza kwamba wenyeji walizipima tawala zao kwa maneno mawili ya Kishambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala alikuwa na nguvu ya kufanya yote mawili. Watu hawakuuliza tu kama ana nguvu. Waliuliza nguvu hiyo inaelekezwa wapi.

Naomba kipimo hicho tukilete vyuoni. Mara ngapi mfumo mpya wa kusajili wanafunzi umeletwa kama matuta ya Mlalo? Barua hutoka juu ikisema kwamba kuanzia muhula ujao alama zote zitaingizwa kwa mfumo mpya. Karani aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini, ambaye anajua wanafunzi gani hubadili majina baada ya ndoa na walimu gani huchelewesha alama, hakuulizwa neno. Matokeo yake tunayajua: karani huujaza mfumo mchana kwa kuogopa barua, kisha huweka daftari lake la siri kabatini kwa sababu ndilo analoliamini. Wakubwa humwita mkaidi. Mimi naona amefanya yale ambayo mwenye mali yeyote angefanya.

5.0 Lugha ya Kuitunza Mashine

Hapa ndipo mtu wa Kiswahili anapopata la kusema. Istilahi hatukukosa. Tumekuwa na kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa kitu kimoja, tukagombana kwa miaka juu ya lipi ni bora, huku watumiaji wakichagua kompyuta na kuendelea na kazi. Tovuti, barua pepe, nywila, kipanya, kupakua na kupakia ni maneno yaliyokwisha kuota mizizi. Programu nazo zilitafsiriwa: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizosema Kiswahili.

Kilichokosekana ni matumizi ya istilahi hizo pale zinapohitajika, yaani katika maandishi ya kazi. Sera ya usalama wa mtandao ya chuo huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, hupitishwa na baraza, kisha hufungiwa. Mlinzi wa usiku, ambaye ndiye anayesikia mlio wa betri ya akiba umeme unapokatika, hajaambiwa kwa lugha yoyote mlio huo una maana gani wala ampigie nani simu. Mhudumu wa usafi huchomoa waya wa seva ili achomeke pasi au birika, nasi tunamlaumu kwa kutojua jambo ambalo hakuna aliyemweleza.

Mambo yanabadilika katika taaluma jirani. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, ikiacha nafasi kwa Kiingereza pale haki inapokihitaji. Wakati huohuo Mahakama imekuwa ikihamishia mashauri yake katika mifumo ya kielektroniki. Karani wa mahakama anayefunzwa leo atalazimika kuyaunganisha mambo hayo mawili katika meza moja. Ikiwa chuo kitamfundisha kompyuta kwa lugha moja na kazi yake kwa lugha nyingine, mzigo wa kuyaunganisha kitamwachia yeye peke yake.

6.0 Kitabu Kilichosalimika

Yapo pia mafanikio ya kujifunza. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyewatumikia watawala wa Kikilindi, aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Kitabu hicho kilichapishwa kwa sehemu huko Magila, chini ya milima hii, kati ya mwaka 1895 na 1907, na kikatolewa tena mwaka 1962 kikiwa kimehaririwa na J. W. T. Allen. Utawala wa Wakilindi ulikwisha, mwandishi alifariki, lakini habari tunazo. Zilisalimika kwa sababu tatu: ziliandikwa, ziliandikwa kwa lugha iliyosomwa na wengi, na nakala zake hazikukaa mahali pamoja.

Tofauti yake tunaiona Amani, Usambara Mashariki. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kilikusanya maktaba na mimea iliyokaushwa kwa ajili ya elimu. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1940, utafiti wa kilimo ulihamishiwa Kenya, na mkusanyo wa mimea ukaenda Nairobi. Haukupotea, unatunzwa huko. Lakini mwanafunzi wa Usambara anayetaka kuona jani lililochumwa mlimani kwao hana budi kuvuka mpaka. Chuo kinachoweka kumbukumbu zake zote katika seva ya kampuni ya mbali, bila nakala nyumbani, kimefanya uamuzi wa namna hiyohiyo, pengine bila kujua kwamba kimeamua.

7.0 Mapendekezo

Kwa mintarafu ya hayo, napendekeza mambo manne ambayo chuo kidogo kinaweza kuyamudu.

Kwanza, kila mfumo uwe na daftari lake la Kiswahili sanifu na chepesi, lililochapishwa katika karatasi, likieleza mfumo unafanya nini, unawashwaje, unazimwaje, na nani aitwe. Nywila kuu zitiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kuwekwa kasha la chuo, chini ya mikono ya watu wawili.

Pili, kumbukumbu za wanafunzi ziwe na nakala tatu, mojawapo ikikaa nje ya jengo na ikiwezekana nje ya wilaya. Nakala hizo zijaribiwe kila muhula, kwani nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Zilindwe pia, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezifanya taarifa za mwanafunzi kuwa dhamana ya kisheria.

Tatu, bajeti ya kununua isipitishwe bila bajeti ya kutunza. Mfadhili akitoa kompyuta hamsini, tumwulize juu ya betri, kinga ya radi na mshahara wa fundi wa pili.

Nne, kabla mfumo haujanunuliwa, karani, mlinzi na mwanafunzi waulizwe kwa lugha yao, na majibu yao yaandikwe.

8.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, wataalamu wa kompyuta watasema kwamba nimerahisisha, nami nakiri kwamba ufundi wao ni mpana kuliko nilivyouelewa. Lakini wale wanafunzi kumi na mmoja hawakuangushwa na ugumu wa ufundi. Waliangushwa na karatasi moja ambayo haikuandikwa. Mmoja wao aliniuliza siku ya mtihani wa marudio: "Mwalimu, safari hii mtaziandika wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Natumaini kwamba atakayeulizwa swali hilo hapa Lushoto ataweza kumwonyesha mwanafunzi daftari.