Waliosema Mwafrika Hana Sonona: Utafiti wa Kujiua na Nchi ya Majani Chai



Kwa miaka mingi, yaliyoaminiwa na wakubwa kuhusu akili ya Mwafrika yalitoka kwa kiasi kikubwa katika kalamu ya mtu mmoja. J. C. Carothers alikuwa daktari wa kawaida wa serikali ya kikoloni alipokabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake. Humo alidai kwamba sonona ni nadra miongoni mwetu na kujiua vilevile, na akamlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Natamka maneno hayo kwa uchungu, lakini nataka tuangalie aliyafikiaje, maana kosa lake bado linaishi katika zahanati zetu. Carothers alitegemea sana wale waliofikishwa Mathari. Na nani alifikishwa Mathari? Ni yule aliyepiga watu, aliyevunja vitu, aliyezurura sokoni akipayuka. Huyo chifu na polisi walimchukua. Mchuma majani chai wa Kericho asiyelala, asiyetamani chakula, anayeamka usiku wa manane akijiona hana thamani, hakumsumbua mtu maadamu kapu lake lilijaa. Nyapara alimwona yuko sawa. Huyo hakuhesabiwa, na kutohesabiwa kwake kukafanywa ushahidi kwamba hayupo.

Mwaka 1979 yalitoka majibu mawili. David Ndetei na mwenzake Muhangi waliwachunguza wagonjwa wa kliniki ya kawaida mashambani hapa Kenya, wakakuta kwamba takriban mmoja katika kila watano ana ugonjwa wa akili. Mwaka huohuo John Orley na J. K. Wing walichapisha matokeo ya vijiji viwili vya Uganda: sonona ilikuwa nyingi huko kuliko miongoni mwa wanawake wa Camberwell, London. Hoja ya Carothers ilianguka. Tabia ya kutouliza ndiyo iliyobaki. Mgonjwa wa sonona haji akisema ana huzuni. Huja akilalamikia kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, uchovu usioisha. Hupewa dawa ya maumivu, akarudi nyumbani na mzigo wake.

Sasa tutazame huku kwetu, Kericho na Bomet. Tangu miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipofungua mashamba makubwa ya chai, kazi na makao vimefungwa pamoja: anayeachishwa kazi huondoka pia katika nyumba ya kampuni. Mashine za kuchuma chai zilipozidi, hasira ililipuka, na Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto. Mkulima mdogo naye hulipwa kidogo kila mwezi na kungoja bonasi ya mwaka, ambayo kwa viwanda vya huku magharibi mwa Bonde la Ufa kwa kawaida huwa chini ya ile ya wenzetu wa Mlima Kenya. Bonasi hiyo mara nyingi imeshakopewa kabla haijafika. Sisemi kwamba mashine au bonasi ndiyo humfanya mtu ajiue. Hakuna mtafiti makini anayekubali chanzo kimoja. Madeni, pombe, ugomvi wa nyumbani, ugonjwa na upweke hukutana ndani ya mtu mmoja. Ninachosema ni kwamba tunajua mahali pa kutazama.

Kwa nini basi takwimu zetu za kujiua ni haba? Sheria ilichangia. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, akikabiliwa na kifungo cha hadi miaka 2. Mtu aliyepaswa kukalishwa na mshauri aliweza kutolewa wodini akapelekwa seli. Familia zikajifunza kusema ni ajali, au ugonjwa wa ghafla. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, chama cha madaktari wa akili na Charity Muturi. Naiona hukumu hiyo kuwa hatua kubwa kuliko mikakati yote ya kuzuia kujiua iliyozinduliwa hotelini, kwa kuwa imemwondolea mgonjwa sababu ya kunyamaza.

Wapo watakaosema hatuna madaktari wa kutosha. Ni kweli, wala Zimbabwe haikuwa nao. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 mjini Harare kwa kuwafunza akina nyanya kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wakiwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, la watu 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 tu, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Na sisi tuna kogo, yaani nyanya, nyumbani, tena tuna wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi mwaka 2023, wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu.

Ombi langu kwa kaunti zetu mbili ni kwamba wahamasishaji hao wafundishwe kuuliza waziwazi: je, umewahi kuona afadhali usiwepo? Utafiti umeonyesha kwamba swali hilo halimpandikizi mtu wazo la kujiua. Wengi hupata nafuu wanapoulizwa. Kampuni za chai nazo ziruhusu swali hilo liulizwe katika zahanati za mashamba yao, bila jibu kumfikia nyapara.

Nawe uliyeketi humu, kama wazo hilo limekuwa likikujia, usilale nalo peke yako usiku huu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, na kesho mwende pamoja kituo cha afya kilicho karibu.