Kuwatafuta Wapigaji wa Taarab ya Harusi

Harusi nyingi zinazofanyika Unguja hupangwa kutoka mbali. Mjomba yuko London, shangazi yuko Muscat, na bibi harusi mwenyewe huenda akawasili wiki moja tu kabla ya ndoa. Ukumbi hukodiwa kwa simu, biriani huagizwa kwa simu, hata nguo hushonwa kwa vipimo vilivyotumwa kwa simu. Wapigaji wa muziki ndio wasiopatikana vizuri kwa njia hiyo.

Tatizo huanzia kwenye neno lenyewe. Shangazi wa Muscat anaposema "tuleteeni taarab", huenda anakumbuka okestra ya ujana wake: udi, ganuni, nai, fidla kadhaa, akordioni, besi, dumbak na rika, na nyuma yao waitikiaji. Muziki huo uliingia Unguja katika zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ungali ukipigwa na vilabu vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa cha mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958. Okestra kamili ni watu ishirini na zaidi. Wote watataka usafiri, chakula na viti, na wageni nao sharti wakae kimya wasikilize.

Vijana waliopewa kazi ya kutafuta, kwa upande wao, huenda wakaleta taarab ya kisasa, ile ya kinanda cha umeme na magitaa, iitwayo rusha roho. Wapigaji ni wachache, lakini spika ni kubwa, na umeme ukikatika pasiwe na jenereta, shughuli imekwisha.

Kati ya hizo mbili pana kidumbak, ambacho wengi walioko ng'ambo hukisahau. Ni ngoma mbili ndogo zilizolipa kundi jina lake, fidla, cherewa, mkwasa, na sanduku lenye uzi mmoja linaloshika nafasi ya besi. Kidumbak ni muziki wa kucheza, na kwa harusi ya uani hakina mfano. Tena baadhi ya wapigaji wake ni walewale wanaoketi katika okestra usiku mwingine, wamevaa suti. Anayemtafuta mpigaji fidla wa kidumbak anaweza kumkuta kwenye mazoezi ya klabu, Vuga, au miongoni mwa walimu na wanafunzi wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Kwa shughuli ya wanawake watupu, ambako baadhi ya familia haziridhii wapigaji wa kiume, kuna vikundi vya wanawake kama Tausi. Kwa vyovyote, atumwe mtu mwenye masikio akawasikilize wakipiga, kwani rekodi haimwonyeshi mwimbaji ambaye hivi sasa ni mgonjwa au amehamia kundi jingine.

Mapatano ndiyo yenye mitego. Jina la kundi halitoshi. Mwimbaji anayetakiwa atajwe, na saa ya kuanza na ya kumaliza pia. Kisha kuna tuzo. Mgeni huinuka, akasogea kwa madaha hadi mbele ya mwimbaji na kumpa noti. Je, fedha hizo ni za mwimbaji, za kundi zima, au mwenye shughuli anazihesabu kuwa sehemu ya malipo? Swali hilo likiachwa hadi usiku wa manane, huzaa ugomvi mbele ya wakwe.

Na nyimbo zenyewe zichaguliwe mapema. Taarab ni lugha ya mafumbo. Mgeni anaweza kutuza kwa ubeti mmoja tu huku akimtazama hasimu wake, na ukumbi mzima ukaelewa. Mama wa bwana harusi akijiona ndiye aliyekusudiwa, bibi harusi ndiye atakayeishi na matokeo yake.

Kuhusu tarehe, familia za ng'ambo hufuata likizo za shule na bei za ndege, lakini wapigaji hufuata mwandamo wa mwezi. Ramadhani taarab hunyamaza, kwa hiyo harusi hurundikana Shaabani na baada ya Idi. Kundi lililopokea arubuni kwa usiku wa Shaabani limewakataa wengine kwa usiku huohuo. Familia ikiahirisha kwa sababu tiketi zimepanda bei, mpigaji dumbak huingia Ramadhani mikono mitupu. Ndiyo maana arubuni hairudishwi, na si haki kuidai.

Wanaotaka kuwaleta wapigaji London au Muscat watambue kwamba viza ya matembezi kwa kawaida haimruhusu mtu kulipwa kwa kazi, na vibali huchukua muda. Si lazima waje ishirini. Udi, fidla, dumbak na mwimbaji mmoja aliyekomaa wanatosha kuujaza ukumbi wa wageni mia, mradi wapewe maikrofoni nzuri na chakula kabla ya kupanda jukwaani.