Tupime Udongo Kabla ya Msingi



Sisi watu wa reli twaujua udongo mweusi wa Embakasi. Ukinywa maji hufura, ukikauka husinyaa na kupasuka. Reli ikipita juu yake, baada ya mvua twarudi kuinyanyua na kushindilia kokoto. Lakini nyumba hainyanyuliwi. Hupasuka kuta, na akiba ya miaka mingi imekwenda.

Basi sisi tunaonunua viwanja tusiige msingi wa jirani. Tuchore kiwanja kwenye karatasi. Tuchimbe shimo kila pembe na moja katikati, mpaka tufike penye mwamba au udongo mgumu usio mweusi, na tuandike rangi na kina kwa futi. Hiyo ndiyo ramani yetu.

Tusidanganyike wakati wa kiangazi: udongo mweusi mkavu hurudisha mtaimbo kama jiwe, kumbe masika utalainika. Ramani ikionyesha mweusi upande huu na mwekundu upande ule, hapo zinapokutana ndipo ukuta utakapopasuka, maana nusu itacheza na nusu itatulia. Tuuondoe mweusi wote chini ya msingi. Ukiwa umekwenda chini sana, au nyumba ni ya ghorofa, tumwite mpimaji wa udongo.

Mmoja hawezi mashimo matano kwa siku, watano wanaweza. Leo kwako, kesho kwangu. Ndiyo maana ya chama.